Pipi Mbili za Darajani

Mkiniuliza Jamhuri ya Shwari iko upande gani wa dunia, nitawajibu sijui, maana ramani yake imefungiwa kabatini Wizarani na mwenye ufunguo yuko likizo. Ninachojua ni kwamba ni nchi ya amani. Neno AMANI limechongwa kwenye virungu vyote vya polisi, herufi kubwa kubwa, ili mtu akipigwa apate na cha kusoma. Asiyeamini akaangalie migongo ya watu.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja, Mwanaidi Shekuwe, mjane wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika kutoka darasani mpaka jikoni kwa wapishi. Alifundisha Sekondari ya Ukingoni, somo la hiari liitwalo Historia ya Utulivu wa Taifa. Nasema la hiari kwa sababu serikali ya Shwari haimlazimishi mtoto wa mtu. Masomo ya jamii yalikuwa manne, mwanafunzi achague mwenyewe linalomkaa rohoni: Uraia Mwema, Jiografia ya Mipaka, Sosholojia ya Foleni, na hilo la Mwalimu Mwanaidi. Asiyechagua alichapwa mpaka achague, na akishachagua alitia sahihi kwamba hakulazimishwa na mtu.

Moyo wa somo la Mwanaidi ulikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na nne. Ukurasa huo ulieleza habari za siku moja, miaka thelathini na moja iliyopita, wanafunzi wa mji ule walipoandamana mpaka Daraja la Shukurani kudai madawati. "Wanajeshi wakawalaki kwa upole," kilisema kitabu, "wakawagawia pipi, mbili mbili. Wanafunzi wakashukuru, wakaenda zao." Na swali la mtihani halikubadilika mwaka nenda mwaka rudi: Kila mwanafunzi alipewa pipi ngapi? Jibu ni mbili. Aliyeandika moja alihesabiwa kuituhumu serikali kwa uchoyo, na aliyeandika tatu aliituhumu kwa ubadhirifu, na wote wawili walijua walikolala usiku huo.

Darasani alikuwemo binti mmoja mrefu, Tatu Mkwachu, mtoto wa mchoma mahindi. Huyo kila mtihani aliandika jibu lile lile: "Sijui, Mwalimu. Sikuwepo." Kila mara Mwanaidi akampa sifuri, na kwa kuwa sheria haina mtoto wa shangazi, akamchapa viboko sita vya viganjani.

"Wewe Tatu, kichwa chako kigumu, mwanangu," alimwambia siku moja baada ya kiboko cha sita. "Kuandika 'mbili' kunakushinda nini?"

"Kuandika hakunishindi, Mwalimu," alijibu Tatu, akipuliza viganja vyake vilivyochanika. "Ila nikiandika nitakuwa nimeona, na mimi sikuona."

Wenzake walicheka mpaka wakagonga meza. Mwanaidi hakucheka. Maana, jamani, mwalimu mwenyewe alijua. Kaka yake, Kombo, alikwenda darajani siku ile akiwa na miaka kumi na minane, na kilichorudi nyumbani ni raba yake moja nyeupe, ya mguu wa kushoto, imejaa damu iliyoganda. Mama yao, Bi Kibibi, aliiosha, akaianika, akaiweka juu ya kabati, na hapo ipo. Na kila mwaka, siku ile ikifika, Wizara iliwaletea barua yenye muhuri: Kombo hajambo, bado anakwenda zake.

Basi kwa nini akafundisha pipi miaka kumi na tisa? Msimhukumu haraka, nyie mlioshiba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salha, na kuukana ukurasa wa mia moja na kumi na nne kulikuwa na kifungo cha miaka tisa kwa mtu mzima na kiboko cha ng'ombe kwa mtoto. Mwanaidi aliona afadhali mtoto asijue kitu. Akamlea kwa kitabu, akamnyonyesha kitabu, na Salha akatokea kuwa wa kwanza darasani, mia kwa mia, hakosi hata nukta. Kuhusu ile raba ya juu ya kabati aliambiwa mjomba aliisahau.

*

Sasa akateuliwa Waziri mpya wa Elimu, Mheshimiwa Fikirini Makofi. Alikuwa kijana wa miaka arobaini na miwili, mnene wa shingo, na huyu bwana alikuwa na hatari moja ambayo mawaziri waliomtangulia hawakuwa nayo: alikuwa mkweli. Wale waliotunga habari ya pipi walikwisha kufa, kila mmoja akazikwa kwa mapigo ishirini na moja ya mizinga. Waliobaki serikalini ni wale walioisoma shuleni, wakafaulu, wakaiamini. Waziri Makofi alipata daraja la kwanza katika somo hilo, na kila akisimulia habari ya pipi za darajani machozi humlengalenga.

"Ndugu walimu!" alihutubia siku ya kwanza, huku akiigonga mimbari. "Kemia ina vitendo! Baiolojia ina vitendo, vyura wanapasuliwa! Masomo ya jamii yamekosa nini? Kuanzia leo, kila somo la hiari la jamii litafanyiwa mtihani wa vitendo! Hatutaki nadharia! Nadharia ndiyo iliyomponza mzungu!"

Watu wakapiga makofi. Mzungu aliponzwa vipi, hakuna aliyeuliza.

Vitendo vikaanza na Uraia Mwema. Mada ilikuwa uchaguzi. Darasa likaweka wagombea wawili, na yule aliyejitokeza kumpinga kiranja mkuu akapewa, kwa mujibu wa mtaala, dakika tano za kujieleza na dakika arobaini za kupigwa. Meno yake manne yalihesabiwa pamoja na kura. Msimamizi akaandika kwenye ripoti kwamba zoezi lilikuwa huru na la haki, akasaini, akafuta damu kwenye kalamu.

Ikafuata Sosholojia ya Foleni. Wanafunzi hamsini walipangwa mbele ya dirisha lililofungwa, wakaambiwa wasubiri huduma. Wakasimama siku tatu juani bila maji. Siku ya tatu karani mmoja akapita nyuma ya dirisha, akakohoa tu, na hamsini wale wakalivamia kwa pamoja. Wawili walikanyagwa mpaka mbavu zikasikika. Dirisha halikupata hata ufa, na mkuu wa idara akapongezwa kwa kulitunza.

Jiografia ya Mipaka ndiyo ilivunja rekodi. Shule mbili zilipewa kiwanja kimoja cha mpira, chokaa ya kuchora mstari, na majembe. Kila upande ukaambiwa uonyeshe kwa hoja za kijiografia kwamba kiwanja ni chake chote. Hoja zilidumu muda wa kupiga chafya. Kufika adhuhuri kijana mmoja wa Ukingoni alikuwa amepasuliwa kichwa, binti mmoja hana vidole vitatu, na sikio la mtu asiyejulikana likawekwa maabara ndani ya chupa, lina lebo: Rasilimali Yenye Mgogoro.

Wazazi walipoona watoto wanarudishwa kwa mikokoteni, wakakimbilia ofisi ya shule mbio mbio, wote na ombi moja: watoto wao wahamishiwe Historia ya Utulivu. Akili zao zilifanya kazi. Somo hilo vitendo vyake vitakuwa nini, kama si kwenda darajani kupewa pipi? Nafasi zilikuwa thelathini tu, pamoja na za wale waliokuwemo tangu mwanzo, na ishirini na tisa zikajaa kabla ya chai ya saa nne.

Salha, ingawa kitabu cha mama yake alikijua chote kwa moyo, alikuwa amechagua Jiografia ya Mipaka, raundi ya pili ilikuwa Jumatatu, na jembe lake lilikwisha kunolewa. Mwanaidi hakulala. Asubuhi akaingia ofisini kabla ya mtu yeyote, akachukua kalamu, akamwandika binti yake namba thelathini kwa mkono wake mwenyewe. Akatoka na furaha. Uongo alioubeba miaka yote hiyo, alijiambia, leo angalau umemfaa mtoto.

*

Wiki ya vitendo vya Historia ikafika, na kwa Mwanaidi akaja mgeni. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, kofia mkononi, magwanda yake ya zamani yanampwaya. Alibisha hodi mara tatu na kungoja kila mara.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mwanaidi, akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Sajini mstaafu Hemedi Ndimbo. Nimeitwa na Waziri. Amesema wale askari wa siku ile, tuliobaki hai, turudi darajani tuwaonyeshe watoto. Tumebaki wanane." Akakohoa. "Nimekuja kukuuliza jambo. Wametuletea masanduku sita ya pipi. Hizo pipi ni za nini?"

Mwanaidi akaketi. "Si ndizo mtakazogawa, Mzee?"

"Tugawe? Tumgawie nani?" Mzee akastaajabu kabisa. "Siku ile hatukugawa pipi, mwanangu. Mimi nilikuwepo. Tulipewa risasi thelathini kila mtu, filimbi ikalia, tukapiga. Tulifikiri hizo pipi ni za wajukuu zetu, nikasema serikali siku hizi imekuwa na adabu."

"Lakini kitabu, Mzee. Kitabu kinasema..."

"Kusoma sijui. Ninayo amri hii, nimesomewa na mkwe wangu." Akatoa karatasi yenye saini ya Makofi. Mwanaidi akaisoma mwenyewe: *Mfanye kama mlivyofanya siku ile, bila kupunguza wala kuongeza, kwa vifaa vile vile.* "Mtunza ghala naye hana shida," aliendelea mzee. "Kafungua daftari la siku ile, kaona bunduki moja na risasi thelathini kwa kila askari; kwa sisi wanane, risasi mia mbili na arobaini. Ametupa zote, kamili. Pipi hazimo."

"Mzee Hemedi," alisema Mwanaidi, na sauti yake iliyozoea kufika jikoni ikawa haifiki hata mezani. "Ni watoto. Mwanangu yumo."

Sajini akaigeuza kofia yake mkononi. "Hata siku ile walikuwa watoto," alisema. "Nililia mwaka mzima. Lakini nikikataa amri, mwanangu, nina wajukuu saba, na mimi mwenyewe nimekwisha kuwaona wanaokataa wanafanywaje. Nenda kamwambie mkubwa wako. Yeye akinitoa, nitamshukuru Mungu."

Mwanaidi akaenda kwa Mkuu wa Shule, Bwana Jabali Mwinyikai, mtu aliyepanda cheo kwa kutomaliza sentensi zake. Akamweleza yote, amri, risasi, na pipi zilizoachwa. Bwana Mwinyikai akafunga mlango, akafunga na dirisha, akafunga na kitabu kilichokuwa wazi.

"Mwalimu Mwanaidi, hebu tufikiri. Ukisema huyu mzee akiamriwa afanye kama siku ile atapiga watoto risasi, maana yake unasema siku ile..." Akaishia hapo, akapangusa jasho. "Na ukisema siku ile, basi unakana ukurasa wa... Na mimi nikikusikia ukiukana nisikuripoti, nami pia..."

"Basi ahirisha tu, Mkuu. Sema kuna kipindupindu."

"Aahirishe nani siku ya Waziri? Na kwa sababu ipi? Mtu huahirisha hatari, Mwalimu. Hapa hatari iko wapi? Ni pipi!" Alilia kidogo, kwa heshima ya cheo chake, halafu akampa kitambaa chake Mwanaidi. "Mimi sikukusikia. Na wewe hukuja."

*

Siku yenyewe, asubuhi, Salha alikuwa anapiga pasi sare yake huku anaimba. Alikuwa ameshona mfuko wa ziada kwenye sketi, wa kutilia pipi.

"Salha, leo usiende," alisema Mwanaidi.

"Mama! Asiyehudhuria vitendo anahesabiwa mwasi. Wewe mwenyewe umelisoma tangazo mstarini." Akacheka. "Moja nitakuletea wewe, moja ya Bibi. Kwani unaogopa pipi?"

Bi Kibibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akainuka polepole akiegemea ukuta. Akaishusha ile raba kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akaiweka mezani karibu na pasi.

"Mwambie mtoto, Mwanaidi," alisema.

Mwanaidi akafungua mdomo. Nje ya dirisha mjumbe wa mtaa alikuwa anafagia uwanja wao, kazi aliyojipa mwenyewe kila nyumba ya mwalimu, na ufagio wake ukasimama. Miaka tisa. Kiboko cha ng'ombe. Mwanaidi akaufunga mdomo.

"Nitamwambia njiani, Mama," alinong'ona.

Njiani walitembea na wanafunzi wengine ishirini na tisa, bendi ya polisi inawapigia tarumbeta masikioni, na hakumwambia. Mungu na amsamehe, maana mimi sijaweza.

*

Daraja la Shukurani lilipambwa kwa vitambaa. Upande mmoja palijengwa jukwaa la Waziri na mke wake na maofisa wa Wizara. Mbele yake walisimama wazee wanane wa magwanda, bunduki mabegani, mmoja ana kikohozi, mwingine anashikiliwa kiunoni na mwenzake. Masanduku ya pipi walikuwa wameyafanya viti.

Wanafunzi thelathini wakasimama katikati ya daraja, mistari mitatu. Wenye alama za juu walipangwa mbele, wakaanza kukinga viganja kabla ya kuambiwa. Salha alikuwa wa kwanza kabisa. Tatu Mkwachu alikuwa nyuma kwa wazembe, mikono mfukoni.

"Wanangu!" Waziri alisema, na machozi yakamlengalenga kama kawaida yake. "Leo hamsomi historia. Leo mnaionja! Afande Sajini, waonyeshe watoto taifa lao liliwatendea nini wazazi wao!"

Sajini Hemedi akatazama saa yake. "Siku ile ilikuwa saa nne na dakika kumi," alisema. "Bado moja." Akasubiri dakika ile nzima, maana hakutaka kupunguza wala kuongeza. Kisha akatia filimbi mdomoni, na wale wazee wakapiga goti.

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani ya Mwanaidi.

"Laleni!" alipiga ukelele, na safari hii sauti yake ilivuka mto. "Laleni chini, wanangu! Hakuna pipi! Hapajawahi kuwa na pipi! Ukurasa wa mia moja na kumi na nne ni uongo, nimewafundisha uongo mimi, kaka yangu aliuawa hapa! Laleni!"

Sasa tazameni maajabu ya elimu. Wale wa nyuma, wenye sifuri, wenye thelathini na nane, wasiomwamini tangu kidato cha tatu, walijitupa chini wote papo hapo. Tatu alikuwa wa kwanza, akamvuta na jirani yake kwa ukosi. Lakini wale wa mbele, waliolielewa somo, walibaki wamesimama na viganja vyao wazi, wanamtazama mwalimu kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Salha aligeuka, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, nyamaza," alisema. "Watu wanatutazama."

Filimbi ikalia. Risasi ya kwanza ilipita katika kiganja chake cha kulia, ikaingia shingoni. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Aliyekuwa ubavuni mwake alipigwa tumboni na kinywani. Wazee wale mikono iliwatetemeka, ndipo ikawa mbaya zaidi, maana walihitaji kurudia: kijana mmoja alipigwa goti, akatambaa, akapigwa mgongo, akatambaa tena, akapigwa kisogo. Damu ikapita kwenye nyufa za mbao, ikadondoka mtoni. Risasi moja ilimvunja paja katibu wa Wizara jukwaani, nyingine ikatoboa tarumbeta, na aliyelipiga akaendelea kupuliza kwa hofu, likatoa sauti ya mbuzi.

"Sivyo! Sivyo!" Waziri alilia akiwa chini ya kiti, kitabu mkononi. "Someni kitabu! Mbili mbili! Mbili mbili!"

Mwanaidi alikwisha kufika kwa mwanawe, akimkandamiza shingo kwa mikono yote miwili. Damu ikamtoka kati ya vidole kwa nguvu, kisha kwa upole, kisha ikaacha. Akamwita jina lake. Akaliita tena na tena, na hakuitikiwa.

Moshi ulipotulia, Sajini akaenda mbele ya jukwaa, akasimama wima, akapiga saluti. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Tayari, Mheshimiwa. Siku ile tulimaliza kwa dakika tatu. Leo nne, utusamehe, ni uzee."

"Na pipi?" Waziri aliuliza kwa sauti ndogo ya mtoto. "Pipi ziko wapi?"

"Pipi hazikuwepo, Mheshimiwa. Mimi nilikuwepo."

Waziri akatapika kwenye kitabu. Kwa muda mfupi, wanasema waliokuwa karibu, alikuwa na uso wa mtu anayejua kitu. Halafu akapewa maji, akapewa kipaza sauti, akakohoa, na uso ule ukaondoka ukaja mwingine.

"Ndugu wananchi," alisema, "vitendo vimekwenda vizuri. Wanafunzi wamepewa pipi, mbili mbili. Wameshukuru. Kumi na mmoja kati yao wamekwenda zao."

*

Maiti hawakurudishwa, maana aliyekwenda zake harudishwi. Sajini Hemedi na wenzake saba walipelekwa likizo mahali ambapo barua hazifiki. Mwanaidi alirudi nyumbani na kiatu cheusi cha Salha, cha mguu wa kulia. Bi Kibibi alikiosha, akakianika, akakiweka juu ya kabati kando ya ile raba, kushoto na kulia, na bado havikuwa jozi.

Mnadhani Mwanaidi alishtakiwa? Polisi walijaribu, tena walijaribu sana. Lakini hati ya mashtaka ilihitaji kueleza mtuhumiwa alipiga kelele saa ngapi. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na dakika kumi kulikuwa na nini? Kulikuwa na pipi. Sasa mtu mzima apige ukelele wakati wa pipi kwa nini? Mwendesha mashtaka akaiandika hati mara tisa, mara ya kumi akaomba uhamisho.

Ikabidi apewe tuzo. Wizara ilichunguza picha, ikaona kwamba wanafunzi kumi na mmoja walikiamini kitabu mpaka mwisho, viganja wazi, jambo ambalo hakuna mwalimu mwingine nchini amewahi kulipata. Wote kumi na mmoja wakatunukiwa daraja la kwanza, vyeti vikaletwa majumbani na barua. Mwanaidi akavishwa nishani ya Mwalimu Bora, na Waziri mwenyewe akamwekea pipi mbili kiganjani mbele ya wapiga picha. Hakumtazama usoni.

Wale kumi na tisa waliolala chini walifelishwa vitendo kwa kutofuata maandishi, wakaamriwa warudie mtihani wa nadharia. Asipofaulu mtu, kambi. Msahihishaji akateuliwa yule yule Mwalimu Bora, kwa kuwa Wizara ilimwamini kuliko wote.

Jumatatu akaingia darasani. Madawati kumi na moja yalikuwa matupu, na mtu alikuwa ameyapangusa. Mwanaidi akaandika swali ubaoni, lile lile, kwa mwandiko ule ule: Kila mwanafunzi alipewa pipi ngapi? Akakaa chini. Wakaandika kimya kimya, na hakuna aliyechukua muda mrefu. Mlangoni Bwana Mwinyikai alichungulia, akaanza kusema "Mwalimu, natumaini watoto wata...", akaondoka.

Alisahihisha pale pale, mbele yao. Karatasi ya kwanza iliandikwa "mbili", na mwenye nayo, kijana mwenye bandeji sikioni, alikuwa amejiinamia. Mwanaidi hakumlaumu. Aliujua woga ule, alilala nao kitanda kimoja miaka kumi na tisa. Akaigeuza karatasi, akampa kijana penseli, akamwambia, "Una muda, baba. Fikiri tena." Kisha akafikia karatasi ya Tatu Mkwachu. Safari hii haikuandikwa "sijui".

*Hakuna, Mwalimu. Nilikuwepo.*

Mwanaidi akaisoma mara mbili. Akamwita Tatu mbele, na binti akaja akiwa amekwisha kunyoosha viganja, kwa mazoea ya viboko sita. Mwanaidi akavishika vile viganja, akayaangalia makovu aliyoyaweka mwenyewe, moja moja, akavibusu mbele ya darasa zima. Akalia kwa sauti, hakujali inafika wapi.

Halafu akachukua kalamu nyekundu, akaandika mia kwa mia. Chini yake akatia sahihi, akaandika jina lake kamili, na jina la baba yake, na mtaa, na rangi ya mlango wa nyumba, ili watakaotumwa wasihangaike kuuliza majirani.